Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mtu mzima naye apewe kadi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: KADI YA CHANJO YA MTU MZIMA

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani badala ya kukutumia bahasha kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila aliyevuka miaka 18 katika nchi hii, nawe ukiwemo.

Katika mambo ya chanjo, Serikali yetu inawajua watu wazima wa aina tatu tu. Inamjua mjamzito. Inamjua msafiri. Na inamjua majeruhi anayeletwa hospitali goti likiwa limepasuka baada ya kuanguka na bodaboda. Mtu mzima asiye na mimba, asiye na pasi ya kusafiria na ambaye hajaumia, huyo hayumo popote. Kadi yake ya kliniki ilibaki kwenye sanduku la mama yake, na kama ilipotea katika kuhamahama hakuna ofisi inayoweza kumwambia alichanjwa nini, lini, na nini kimebaki.

Mwanaume wa miaka 40 na ushei aingie leo kwenye zahanati ya kata na kusema amekuja kuchanjwa, ataulizwa mtoto yuko wapi. Mimi niliulizwa hivyo, tena kwa upole, na muuguzi ambaye simlaumu hata kidogo. Daftari lililokuwa mbele yake halikuwa na ukurasa wangu.

Nianze na msafiri, maana huyo ndiye tunayemhudumia vizuri kuliko wote. Anayekwenda Hija hachanjwi kwa kubembelezwa. Saudi Arabia inadai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, sharti lililotokana na milipuko iliyowakumba mahujaji mwaka 1987 na tena 2000 na 2001, na hakuna hujaji wa Kariakoo au wa Pemba anayepanda ndege bila cheti hicho. Vivyo hivyo kijitabu cha manjano. Anayesafiri kwenda nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano anajua kwamba cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na anapanga safari yake kwa kuhesabu siku hizo. (Wapo wanaoamini bado kwamba kijitabu hicho huisha muda baada ya miaka 10. Kanuni ilibadilika Julai 2016: dozi moja, cheti cha maisha. Wizara ingefanya wema kulibandika tangazo hilo kila mlango wa ofisi ya afya mipakani na kwenye viwanja vya ndege, kwa sababu mtu akielezwa vibaya hulipa mara mbili.)

Tazama jambo lililo wazi hapo, Mheshimiwa. Masharti hayo mawili hayakubuniwa hapa kwetu. Moja limetoka Riyadh, jingine limetoka kwenye kanuni za kimataifa za afya. Mgeni akidai tuchanjwe, tunachanjwa bila maneno mengi: chanjo inapatikana, mhudumu yupo, karatasi ipo na muhuri upo. Tukibaki nyumbani, sisi kwa sisi, hakuna anayedai. Sioni sababu ya afya ya Mtanzania kusimamiwa kwa ukamilifu siku anapokuwa na tiketi ya ndege mkononi tu.

Sasa nije kwenye ugonjwa ulionifanya niandike. Pepopunda.

Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi. Huingia kwa msumari, kwa jembe, kwa mwiba, kwa kigae cha chupa, kwa kidonda kidogo ambacho mwenyewe amekwisha kukisahau. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baadaye: taya hukaza, shingo hukaza, kisha mwili mzima hupinda kwa mishtuko inayoweza kuchochewa hata na mlango uliobamizwa au taa iliyowashwa ghafla. Mgonjwa hulazwa kwenye chumba chenye giza na kimya, akiwa na akili zake timamu, akihisi kila kitu. Anahitaji dawa ya kuzima sumu, dawa za kulegeza misuli, na mara nyingi mashine ya kupumulia. Hospitali ngapi za wilaya zina vyote hivyo kwa pamoja, wewe unazo takwimu kuliko mimi.

Kuna mambo mawili kuhusu ugonjwa huu ambayo wananchi wengi hawajawahi kuambiwa. La kwanza, hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Maana yake ni kwamba kinga ya jirani haikusaidii. Kwa surua, watoto wengi wakichanjwa, hata yule mmoja asiyechanjwa hupata ahueni kwa sababu ugonjwa hauna pa kupitia. Kwa pepopunda hesabu hiyo haipo. Kijiji kizima kinaweza kuwa na kinga, ukakosa wewe peke yako, na udongo wa shamba lako ukakutosha. La pili, aliyeugua akapona hapati kinga kwa kuugua. Lazima achanjwe kama mtu mwingine yeyote.

Na sisi tumewachanja akina nani? Tumewachanja watoto wachanga na tumewachanja akina mama. Hapo pongezi zinastahili, nazitoa bila kinyongo. Mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza hupewa sindano, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Dozi tano, zote zinaandikwa kwenye kadi. Kwa njia hiyo, pamoja na uzazi salama na usafi wa kitovu, Tanzania mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Ni ushindi mkubwa, na kwa kadiri ninavyoona tulishangilia kidogo mno.

Lakini kaka wa yule mama? Alipata dozi zake tatu akiwa mchanga, kama alizipata zote, na hadithi ikaishia hapo. Kinga ya dozi za uchanga hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi sita kabla mtu hajawa mtu mzima: tatu za uchanga, ya nne katika mwaka wa pili wa maisha, ya tano kati ya miaka 4 na 7, ya sita kati ya miaka 9 na 15. Aliyekosa hizo za nyongeza anaingia utu uzima na kinga iliyochakaa, halafu tunamkabidhi jembe, nyundo, sururu ya machimboni au pikipiki.

Pengo hili si la kukisia. Nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilipoanza kampeni kubwa za tohara ya hiari ili kupunguza maambukizi ya VVU, Tanzania ikiwa mojawapo, zilijitokeza taarifa za wanaume waliougua pepopunda baada ya tohara, na wengine walikufa. Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba wanaume wa rika lile walikuwa na kinga ndogo kuliko wanawake wa umri wao. Wanawake walikuwa wamepitia kliniki ya wajawazito, wanaume hawakuwa na pa kupitia. Mwaka 2015 na tena 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri kwamba tohara na chanjo ya pepopunda viende pamoja. Kwa maneno mengine, dunia nzima iliambiwa kwamba wanaume wa ukanda wetu wamesahaulika. Miaka kumi imepita, na njia kuu ya mwanaume wa kawaida kupata sindano hiyo bado ni kuumia kwanza.

Hata huko kwenye kuumia tunafanya nusu kazi. Majeruhi anachomwa dozi moja, anashonwa, anapewa dawa za maumivu, anaambiwa arudi kubadilisha bandeji. Hakuna anayemwambia arudi baada ya wiki 4 kwa dozi ya pili, wala baada ya miezi 6 kwa ya tatu. Hapewi karatasi yoyote. Akianguka tena baada ya miaka miwili kwenye hospitali nyingine, anaanza upya na dozi ya kwanza. Wapo madereva wa bodaboda katika nchi hii ambao wamekwisha kuchomwa "dozi ya kwanza" mara nyingi kuliko mimba alizobeba mama zao, na hawajawahi kufika ya pili.

Mheshimiwa, chanjo ninayoizungumzia, ile ya pepopunda na dondakoo kwa pamoja, haihitaji kuagizwa upya wala kufanyiwa utafiti. Imo kwenye friji ya zahanati sasa hivi, rafu ileile anayochukulia muuguzi wa kliniki ya wajawazito. Tena chupa yenye dozi nyingi ikishafunguliwa inaweza kuendelea kutumika hadi siku 28, ikitunzwa kwenye baridi inayotakiwa. Kinachokosekana ni ruhusa ya muuguzi kumchoma mtu ambaye si mjamzito wala hajaumia, makadirio ya dozi yanayomhesabu mtu huyo, na ukurasa wa kumwandika.

Nimtaje mtu mmoja ambaye watumishi wako wote wanapaswa kulijua jina lake. Ali Maow Maalin, kijana wa Merca, mji wa pwani ya Somalia. Mwaka 1977 alikuwa na miaka 23, mpishi wa hospitali. Mwezi Oktoba aliingia kwenye gari kumwonyesha dereva njia, humo wakiwa wamebebwa watoto wenye ndui wakipelekwa kutengwa. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Akaugua, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Mwaka 1980 ndui ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Alifanya kazi ndani ya hospitali, katika nchi iliyokuwa ikichanja watu usiku na mchana, na bado hakuwa na kinga. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliogopa, aliona sindano ile itauma. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni za polio akiwahimiza wazazi kwa kuwasimulia kisa chake, hadi alipofariki mwaka 2013 kwa malaria.

Namtaja kwa sababu ya kazi yake: mpishi. Tunaposema watumishi wa afya wachanjwe homa ya ini, tunamfikiria daktari na muuguzi. Mfagiaji anayekusanya taka zenye sindano, dobi anayefua mashuka yenye damu, dereva wa gari la wagonjwa, mlinzi anayesaidia kumnyanyua majeruhi getini, wengi wao wakiwa ni wa kampuni zilizopewa zabuni na hawamo kwenye orodha ya hospitali, hao wanachanjwa na nani?

Homa ya ini aina ya B inahitaji maneno ya uangalifu, kwa sababu mtaani kuna hofu nyingi na maelezo machache. Tanzania iliingiza chanjo yake kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni kupitia mpango wa taifa, na huyo leo ndiye mzazi, ndiye mwalimu, ndiye askari, ndiye daktari mwenyewe. Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake, wengi kwa ini kusinyaa na kwa saratani ya ini.

Sisemi mchanje kila mtu mzima nchini kesho asubuhi. Hiyo ingekuwa ni kupoteza fedha. Anayeambukizwa uchangani ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kubaki na virusi maisha yake yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda, na wanaobaki navyo hawafiki 5 katika kila 100. Kwa hiyo mzigo mkubwa uko kwa watoto, na hapo fedha ziende kwanza. Lakini wapo watu wazima ambao hatari yao haina mjadala: watumishi wa hospitali wa kila daraja, mwenza na ndugu wa nyumba moja na aliyekutwa na virusi, wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, wanaoishi na VVU. Hawa wapimwe, na asiye na maambukizi apewe dozi zake tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja na ya mwezi wa sita. Bure, au kwa bima.

Tena kuna mlango ambao tayari uko wazi na hatuutumii. Mpango wa Damu Salama hupima kila chupa ya damu inayochangwa: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Aliyekutwa na homa ya ini huelekezwa pa kwenda. Yule aliyekutwa salama hurudi nyumbani na soda yake. Huyo ni mtu mzima aliyekwisha kupimwa, kwa gharama za Serikali, anayejulikana jina na simu, na aliyekwisha kuonyesha kwamba haogopi sindano. Ujumbe mmoja tu wa simu ungemwambia afike kituo gani akaanze chanjo. Sijui ni mtu gani mwingine aliye rahisi kuchanjwa kuliko huyo.

Utanijibu kwamba watu wazima ni wagumu, wana uvumi, hawana muda. Nami nitakukumbusha mwaka 2021. Mwanzoni mwa mwaka ule tulisikia kutoka juu kabisa kwamba chanjo za UVIKO-19 hatuzihitaji. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, Ikulu, Dar es Salaam, siku chache baada ya kupokelewa dozi zaidi ya milioni moja. Mwanzo ulikuwa wa kusuasua, na uvumi ulikuwa mwingi, mwingine wa kuchekesha, mwingine wa kutisha. Kisha ukaja ule Mpango Shirikishi na Harakishi. Wachanjaji wakaacha kusubiri watu kwenye viti vya kituo cha afya wakawafuata minadani, stendi, makanisani, misikitini na nyumba kwa nyumba. Mamilioni ya watu wazima wakachanjwa. Wakaandikwa kwenye mfumo wa kompyuta, wakapewa cheti chenye alama ya kusomeka kwa simu. Mfumo ule ulijengwa kwa miezi. Leo umebaki kumbukumbu ya ugonjwa mmoja, wakati ungeweza kuwa daftari la maisha la kila Mtanzania.

Visiwani walionyesha njia mapema zaidi. Mwaka 2009, katika maeneo yaliyokuwa yakisumbuliwa na kipindupindu Unguja na Pemba, watu wa rika zote kuanzia miaka miwili walipewa chanjo ya kunywa, dozi mbili. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba hata majirani ambao hawakunywa walipata nafuu. Najua afya si jambo la Muungano na Zanzibar ina Wizara yake. Lakini bahari ile ni nyembamba, na uzoefu haulipi ushuru bandarini.

Hoja nzito kuliko zote ni ya watoto kwanza, na sitaki kuipita juu juu. Bado kuna watoto katika nchi hii ambao hawajafikiwa hata na dozi moja, na fedha za wahisani wa chanjo zimelenga watoto. Ikiwa itabidi kuchagua kati ya mtoto wa kijiji kilicho mbali na barabara na mimi ninayeandika barua hii, mchague mtoto. Ila kwa pepopunda hamchagui, kwa sababu chanjo ni ileile, friji ni ileile na muuguzi ni yuleyule. Na baba aliyechanjwa, akajua dozi zake kwa tarehe, hatamuuliza mkewe kwa nini anapoteza siku nzima kumpeleka mtoto kliniki.

Kuna chanjo nyingine ambazo nazigusa tu. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikafanywa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Mama aliyevuka umri huo anahitaji zaidi kupimwa, na vipimo hivyo vipo. Chanjo za kichomi na mafua kwa wazee wetu ni suala la fedha, nalo linaweza kusubiri zamu yake. Kichaa cha mbwa ni habari ya barua nyingine, na nitaiandika, kwa sababu aliyeng'atwa leo jioni hawezi kusubiri mchakato wa manunuzi.

Ninachoomba ni kidogo, Mheshimiwa. Toa waraka kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya kwamba mtu mzima yeyote, mwanaume au mwanamke, akifika kituoni achanjwe pepopunda hadi akamilishe dozi zake, na kwamba hakuna majeruhi atakayetoka hospitali bila tarehe ya dozi inayofuata. Toa kadi ya ukurasa mmoja, na nakala yake iwekwe kwenye mfumo kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ili asiyetunza karatasi asipoteze kumbukumbu. Zungumza na wenzako wa kazi na ajira: mwajiri wa mgodi, wa ujenzi na wa hospitali binafsi tayari anawajibika kupima afya za wafanyakazi wake, basi kwenye fomu ileile kuwe na mstari wa chanjo, na mstari huo uwahusu pia wafagiaji wa zabuni. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inavyotekelezwa, chanjo ya homa ya ini kwa walio hatarini iingie kwenye kitita cha msingi. Dozi tatu ni nafuu kwa mfuko wowote kuliko mgonjwa mmoja wa saratani ya ini.

Kila Aprili mwishoni huwa na Wiki ya Chanjo. Viwanja hujaa akina mama na watoto, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Ijayo, nakuomba uweke meza moja ya watu wazima, ukae wewe mwenyewe, ukunje mkono wa shati na upewe kadi yako namba moja. Baada yako tutapanga foleni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi.